Upepo wa Tairi Si Jambo la Kukisia

Swali moja huulizwa kila asubuhi katika vituo vya petroli vya nchi yetu ya Uganda, kutoka Busia hadi Katuna, na kutoka Mutukula hadi Gulu. Kijana mwenye mpira wa pampu mkononi huinama kando ya gurudumu, humtazama dereva, na kuuliza: "Nitie ngapi, mzee?" Dereva naye hujibu bila kufikiri: "Tia thelathini na tano, kijana," au "Tia arobaini, leo naenda mbali." Wakati mwingine hataji namba yoyote, husema tu, "Jaza vizuri." Hapo kijana hujaza mpaka moyo wake uridhike, hulipiga tairi teke moja la kulijaribu, naye mzee huondoka na abiria wake kumi na wanne akiamini kwamba kazi imefanywa.

Sisi twasema kwamba kazi haijafanywa. Namba iliyotajwa pale imetoka wapi? Haikutoka kwa aliyelitengeneza gari, haikutoka kwenye mizani, wala haikutoka katika kitabu chochote. Imetoka katika mazoea, na mazoea hayo dereva aliyapata kwa dereva mwingine, ambaye naye aliyapata kwa mwenziwe, labda tangu zamani za matairi yenye tyubu na magari ya aina nyingine kabisa. Ni ajabu kubwa kwamba mtu yule yule asiyekubali kununua nusu kilo ya nyama bila kuiona mizani, yu radhi kuukabidhi uhai wake na uhai wa wenzake kwa namba ya kubahatisha.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kazi ya upepo. Wengi hudhani kwamba kinachobeba gari ni mpira wa tairi. Mpira ni mfuko tu. Mbebaji ni upepo uliofungiwa ndani yake. Chukua motokaa ndogo yenye uzito wa kilo 1,200. Kila gurudumu limebeba kilo 300 hivi, yaani ratili 660. Ikiwa upepo ulio ndani ni ratili 30 kwa kila inchi ya mraba, basi hesabu ya mtoto wa shule itaonyesha kwamba tairi halina budi kugusa ardhi kwa inchi za mraba 22 hivi, eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne: hicho ndicho kiasi cha gari kinachoishika barabara wakati wa kukata kona, wakati wa kufunga breki, na wakati wa kumkwepa mbuzi aliyetokea kichakani. Punguza upepo ufike ratili 15, na kila kiganja kitakaribia kuwa viwili, kwa kuwa tairi litalala ubavu. Ongeza upepo kupita kiasi, nalo litasimama juu ya ukanda mwembamba wa katikati. Mengine yote tutakayoyasema hapa yanatoka katika hesabu hiyo.

Sasa, namba iliyo sahihi iko wapi? Imeandikwa ndani ya gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango, au ukingoni mwa mlango wenyewe. Utaona kibandiko kidogo chenye ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo, cha mbele peke yake na cha nyuma peke yake. Katika magari mengine kimewekwa ndani ya kifuniko cha tangi la petroli. Mwenye kukiandika ni mtu aliyelipima gari kwa mizani, akajua uzito wake ulivyogawanyika, akalijaribu katika kona na katika breki. Hiyo ndiyo amri. Nyingine zote ni maoni.

Tunajua lawama itakayofuata. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japani, na kibandiko chake kimeandikwa Kijapani. Ni kweli, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua sisi. Utakuta namba kama 210, 220 au 240, na pembeni yake namba ndogo kama 2.1, 2.2 au 2.4. Namba kubwa ni kilopaskali. Namba ndogo ni kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kijana wa pampu hazijui hizo, kwa sababu geji yake inasoma ratili kwa inchi ya mraba, zile zenye herufi PSI. Njia rahisi ni kuigawanya namba kubwa kwa saba. Kilopaskali 220 ukizigawanya kwa saba utapata 31 na ushei, na jibu kamili ni 32. Kilopaskali 200 ni ratili 29. Kilopaskali 240 ni ratili 35. Mwenye gari afanye hesabu hiyo mara moja tu katika maisha ya gari lake, aiandike kwa kalamu isiyofutika pale pale mlangoni, na asimuulize mtu tena.

Liko kosa la aina nyingine, nalo hufanywa hata na watu waliosoma, pengine kwa sababu wamesoma. Mtu huinama, husoma maandishi madogo ubavuni mwa tairi, hukuta namba 44 au 51, na kusema, "Hii hapa! Kiwanda chenyewe kimeandika." Namba hiyo si amri ya kujaza, ni kikomo ambacho tairi lile halipaswi kuvuka. Kiwanda cha tairi hakijui kama tairi lake litafungwa kwenye motokaa ndogo ya mwalimu au kwenye gari zito la mkandarasi. Lori nalo huandikwa ubavuni tani za mwisho linazoweza kubeba, lakini hatujamsikia mwenye lori akisema kwamba maandishi hayo yamemlazimisha kubeba tani hizo hata anapokwenda kuchukua godoro moja.

Wanaojaza kupita kiasi wana imani yao kwamba tairi gumu halipati pancha na kwamba gari huteleza barabarani kwa wepesi. Wepesi upo kidogo, hatuukatai. Lakini tairi lililovimba huliwa katikati huku mabega yake yakibaki mapya, hurukaruka juu ya mawimbi ya barabara ya changarawe badala ya kuyakanyaga, na likiingia shimoni kwa kasi haliwezi kubonyea. Pigo lote huishia katika nyuzi zake za ndani. Siku nyingi baadaye hutokea uvimbe ubavuni, na mwenye gari hulilaumu duka lililomuuzia.

Tumelipitia hilo upesi kwa sababu hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, nayo huingia kwa jina la busara. Madereva wengi wa safari ndefu hushika desturi ya kusimama adhuhuri, jua likiwa utosini, na kupunguza upepo. Wanasema tairi limepata moto, upepo umepanda, na usipopunguzwa tairi litapasuka. Tumeisikia kauli hii mara nyingi mno, na husemwa kwa sauti ya mtu mzima anayemfunza kijana. Basi na tuifuate hatua kwa hatua.

Dereva anaondoka Kampala alfajiri. Kibandiko chake kinasema 32, na kweli ametia 32. Ameendesha kwa kasi kwenye lami, amevuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, ameipita Masaka, na adhuhuri yuko Lyantonde. Anapima na kukuta 37. Ongezeko la ratili nne hadi sita kwa gari lililokimbia ni jambo la kawaida kabisa. Aliyeandika 32 kwenye mlango alilijua na akalihesabu, ndiyo maana akataka upimaji ufanywe tairi likiwa baridi. Lakini dereva wetu anashtuka, anabonyeza valvu, anatoa ratili tano, na geji inarudi 32. Anaridhika. Usiku analala Mbarara. Alfajiri tairi limepoa, na sasa ndani yake mna ratili 27. Hapimi, kwa sababu alipima jana. Anapakia abiria na mikungu ya matoke na kurudi. Adhuhuri anapima tena kwa desturi yake, na geji, kwa kuwa tairi lina moto, inamwonyesha 32. Anajipongeza. Geji haikusema uongo. Yeye ndiye aliyeiuliza kwa wakati usiofaa.

Ndani ya tairi hilo mna jambo linaloendelea ambalo jicho haliwezi kuliona. Gurudumu la motokaa ya kawaida lina mzingo wa mita mbili hivi, yaani huzunguka mara 500 katika kila kilomita. Katika kila mzunguko, ubavu wa tairi hupinda unapofika chini na kunyooka unapoondoka. Kutoka Kampala hadi Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi, ubavu mmoja hupinda mara 65,000. Tairi lenye upepo wa kutosha hupinda kidogo. Tairi lenye upepo pungufu hupinda sana, na mpira unaopindwa sana hupata moto, kama ujuavyo ukiupinda waya kwa vidole mara nyingi mahali pamoja. Moto huo huulegeza mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma iliyo chini ya sehemu inayokanyaga ardhi. Mikanda huanza kuachana. Kisha, katika kasi ya kilomita mia kwa saa, tairi zima huvuka ngozi. Kwa hiyo dereva aliyetoa upepo ili tairi lisipate moto ndiye hasa aliyeliwashia moto, na mabaki yale meusi yanayolala kando ya barabara zetu kuu kama ngozi za nyoka mara nyingi ni ushahidi wa kazi hiyo.

Kanuni basi ni fupi. Pima asubuhi kabla ya safari, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au likiwa halijaenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa mwendo wa pole. Tairi lenye moto lisitolewe upepo kamwe. Ukilipima likiwa na moto na ukakuta liko chini ya namba ya mlangoni, ujue hali ni mbaya zaidi kuliko geji inavyosema. Tia upepo papo hapo, kisha upime tena kesho yake likiwa baridi.

Asidhani mtu kwamba tunakuza mambo. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ya Marekani ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye gari la Ford Explorer. Matairi hayo yalikuwa yakivuka ngozi barabarani, na gari, kwa kuwa lilikuwa la kimo kirefu, lilipinduka. Waliokufa nchini humo walizidi mia mbili. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya kusini yenye joto, magari yakienda kwa kasi yakiwa na mizigo. Wakaguzi wa serikali waliona kasoro katika matairi yenyewe, lakini mjadala mkali ulikuwa pia juu ya upepo: Ford iliwaandikia wenye magari watie ratili 26, na Firestone ikataka 30. Urafiki wa makampuni hayo mawili, uliodumu karibu miaka mia, ulivunjika mwaka 2001 kwa sababu ya mzozo huo.

Msomaji makini atatukamata hapa. Atasema: ninyi mmetuamuru tufuate kibandiko cha mlangoni, na sasa mnatuambia juu ya kibandiko kilicholalamikiwa kuwa cha chini mno. Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba namba ya mlangoni ni sakafu. Mtu asishuke chini yake hata kwa ratili moja, lakini si dhambi kuongeza ratili mbili au tatu kwa safari ndefu yenye mzigo kamili, maadamu kikomo cha ubavuni hakijafikiwa. Na magari mengine yameandikwa namba ya pili kwa ajili ya mzigo kamili, ambayo ndiyo ifuatwe. Tena kisa cha Ford kinatufundisha zaidi juu ya uzembe kuliko juu ya kibandiko. Tairi zima lisilo na pancha hupoteza ratili moja hadi mbili kila mwezi kwa kupenya kwenye mpira wenyewe. Mwenye gari aliyeanza na 26 na kukaa miezi mitatu bila kupima alikuwa akisafiri na 22 au 20, huku watoto na mizigo wakiwa juu yake. Namba ya chini haikumwachia nafasi ya kusahau. Na sisi, ambao mara nyingi tunapakia kuliko Wamarekani, nafasi hiyo tunayo kwa kiasi gani?

Baada ya msiba huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2000, na kuanzia Septemba 2007 kila motokaa mpya nchini humo ilipaswa kuwa na taa ya kuonya kwamba upepo umepungua. Nchi za Ulaya zikafuata. Tunaipongeza taa hiyo, lakini wenye magari mapya wasiitegemee kama mlinzi asiyelala. Sheria ya Marekani inaitaka iwake upepo ukishapungua kwa robo nzima. Gari la ratili 32 litaonywa likiwa na 24. Kwa kipimo chetu, hapo umekwisha kuchelewa. Tena magari mengi ya mitumba tunayoyaendesha hayana taa hiyo kabisa.

Magari hayo ya mitumba yana safari yao ya pekee inayostahili kutajwa. Hushushwa bandarini Mombasa baada ya wiki nyingi melini, tena baada ya kusimama uwanjani kwa muda usiojulikana. Kisha huendeshwa kwa magurudumu yake hadi Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Liko hata jambo dogo la elimu ya anga ambalo tunalitaja kwa ajili ya wanaopenda mambo hayo. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua nguvu kadiri unavyopanda. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kwa sababu hiyo peke yake, tairi lililojazwa Mombasa litaonyesha ratili mbili hivi za ziada likifika Kampala. Lakini baridi ya huku juu huzirudisha chini baadhi ya hizo. Yote yanamaanisha kwamba gari lililowasili lipimwe upya, wala asiyelijua lilikotoka asiiamini namba aliyoambiwa na aliyelileta.

Msimu wa mvua nao una hesabu yake. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa NASA, wakichunguza kwa nini ndege huteleza kwenye viwanja vyenye maji, walipata kanuni inayounganisha upepo wa tairi na kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji bila kuigusa ardhi. Kwa kanuni hiyo, tairi la ratili 30 huelea kwenye kasi ya kilomita 91 hivi kwa saa. La ratili 20 huelea kwenye kilomita 74 tu. Kanuni ilitungwa kwa ndege, na tairi la gari lililochakaa kashata zake laweza kuelea mapema zaidi. Dereva anayekimbia kwenye mvua ya Aprili huku tairi moja likiwa pungufu, ataukuta usukani umekuwa mwepesi ghafla mikononi mwake, na wakati huo breki hazina la kumsaidia.

Wako watakaotuambia kwamba jeshi lenyewe hupunguza upepo kwa makusudi, na kwamba wameona kwa macho yao malori yakipita penye tope na matairi yaliyolala. Hawakukosea, na sisi hatuna sababu ya kuficha. Ofisa Mwingereza Ralph Bagnold, aliyelisafiri jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford kabla ya Vita Kuu ya Pili, na aliyeanzisha kikosi cha doria ya masafa marefu huko Misri mwaka 1940, alijua kwamba mchanga laini hupitika kwa tairi lililopunguzwa upepo. Ni hesabu yetu ile ile ya kiganja: eneo likiwa kubwa, gari halizami. Mwaka 1942 Wamarekani walitengeneza lori la kwenda majini na nchi kavu, DUKW, ambalo dereva wake aliweza kuongeza na kupunguza upepo akiwa amekaa kitini pake, laini kwa ufukwe na ngumu kwa barabara. Malori ya Kisovieti kama GAZ-66, ambayo majeshi mengi ya Afrika yaliyatumia, yalikuwa na mtambo wa namna hiyo.

Lakini tazama masharti yake. Upepo hupunguzwa kwa amri, kwa kiasi kinachojulikana, kwa ajili ya ardhi laini, na kwa mwendo wa pole. Mara lori linapokanyaga lami tena, upepo hurudishwa kabla ya kuongeza kasi. Na gari la jeshi halitoki kambini asubuhi mpaka dereva wake alizunguke kwa miguu, atazame mafuta, maji na magurudumu, mbele ya macho ya mkubwa wake. Huo si ufundi wa siri. Ni utaratibu tu, na hakuna linaloizuia kampuni ya mabasi au chama cha madereva wa teksi kuufuata. Raia akiiga kutoa upepo bila kuiga kuurudisha, ameiga nusu ya somo, nayo ni nusu inayoua.

Kuhusu petroli hatutawadanganya watu. Wapo wanaosema kwamba upepo sahihi utapunguza gharama ya mafuta kwa kiasi kikubwa. Hesabu za serikali ya Marekani zinasema faida ni asilimia 0.6 kwa wastani, na asilimia tatu kwa aliyekuwa na matairi mabovu sana. Ni kitu kidogo. Akiba ya kweli iko katika tairi lenyewe, ambalo huliwa mabegani upesi likikosa upepo, na sote tunajua bei ya matairi manne.

Basi tunataka nini kifanyike? Kwanza, kila dereva anayebeba watu kwa malipo awe na geji yake mfukoni, kama fundi seremala alivyo na futi yake. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya tairi moja. Geji za vituoni huangushwa chini, hukanyagwa, hunyeshewa, na mbili zilizo mtaa mmoja huweza kutofautiana kwa ratili tano. Pili, UNBS, shirika letu la taifa la viwango, hukagua mizani za sokoni na pampu za petroli na kuzibandika alama. Tungependa geji ya upepo iliyo hatua tatu kutoka pampu hiyo hiyo itazamwe kwa macho yale yale. Si wazo geni. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria lilikwisha kutoa mwongozo juu ya geji za matairi tangu miaka ya 1970. Lita moja iliyopunjwa humtia mnunuzi hasara ya shilingi. Ratili sita zilizopunjwa humtia hasara ya namna nyingine.

Tatu, abiria waache kuona haya. Mwenye kulipa nauli ana haki ya kuuliza kabla ya gari kuondoka kituoni, "Ndugu dereva, upepo umepimwa leo?" Dereva mwenye geji hatakasirika, ataitoa mfukoni.

Na geji hiyo inapotolewa, lisisahauliwe gurudumu la tano. Tairi la akiba hulala chini ya gari kwa mwaka mzima, linapigwa na matope, likipoteza ratili yake moja kila mwezi bila mtu kulijali. Siku linapohitajika, usiku, mvua ikinyesha, kilomita arobaini kutoka mji wowote, hushushwa likiwa limelegea kama mfuko mtupu. Lipimwe siku moja na yale mengine manne, na kofia za valvu zirudishwe zote mahali pake, kwa maana vumbi likiingia humo upepo utatoka polepole usiku kucha.